Krabu plova wa Mida, pratinkoli wa Sabaki: mwongozo wa safari ya siku moja

Kila msimu wa kaskazi ukikaribia napata maswali yaleyale. "Nilikwenda Mida sikuona kitu, nilikosea wapi?" "Ninunue darubini gani?" "Wale ndege wa topeni wote ni wa kijivu, mnawatofautishaje?" Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo. Leo nayaandika yote pamoja, kwa ajili yako unayetaka kutoka asubuhi ukarudi usiku ukiwa umemwona ndege uliyemfuata.

Nitatumia sehemu mbili ninazozijua kwa miguu yangu, zote Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Ya kwanza ni Hori ya Mida karibu na Watamu, ambayo kwenye ramani imeandikwa Mida Creek. Ya pili ni mdomo wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi. Ukielewa namna ya kuzitembelea hizi mbili, utaweza kupanga safari kama hiyo Tanga, Pemba au delta ya Rufiji, maana ndege wengi ni walewale na bahari ni ileile.

Karibu kila aliyeniambia hakuona kitu alikwenda saa isiyokuwa yake. Hakuwa na macho mabovu wala darubini mbovu. Alifuata saa ya mkononi badala ya kufuata maji, kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu maji.

Majina kwanza

Ndege wadogo wa topeni wenye miguu mirefu wengi huitwa vitwitwi. Shakwe unamjua. Buabua ni yule mwembamba anayefanana na shakwe, mkia wake kama mkasi, anayejitupa baharini kuvua. Yangeyange, mwari, heroe na kwarara ni majina ya siku zote. Krabu plova na pratinkoli nimewaacha na majina wanayoitwa na waongozaji wa huku, na nimeweka jina la kisayansi ili usipotee ukifungua kitabu au programu ya simu.

Unavyohitaji kabla ya kuondoka

Darubini. Tafuta iliyoandikwa 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 10x50 wakidhani kubwa ndiyo bora, kisha upepo wa pwani unawatetemesha mikono hadi ndege anacheza ndani ya kioo. Ya mtumba si tatizo, ila ijaribu kabla ya kulipa: tazama maandishi ya bango la mbali kwa dakika nzima. Macho yakianza kuuma au ukaona vitu viwiliviwili, iache.

Teleskopu na miguu yake mitatu, kama una rafiki anayeweza kukuazima. Mida husaidia sana, Sabaki unaweza kufanya bila hiyo. Usinunue mwaka wa kwanza.

Viatu vya kufunga ambavyo huvionei huruma. Ndara tope la mikokoni huzivuta zikabaki chini, na miamba yenye chaza hukata mguu peku kama wembe.

Kofia pana, maji lita 2 kwa kila mtu, mahamri au tende, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu na daftari. Nguo za rangi ya majani makavu, khaki au kijani iliyofifia. Shati jeupe huonekana kutoka ng'ambo ya hori. Unapita pia katika vijiji vya watu, kwa hiyo vaa kwa heshima. Mama na dada zangu huchukua leso ya ziada, nayo hufaa hata kukalia.

Pesa taslimu kidogo pamoja na M-Pesa yenye salio, kwa kiingilio, mwongozaji na bodaboda.

Jedwali la maji kujaa na kupwa. Linapatikana bure kwenye intaneti. Tafuta la Kilindini au la Malindi; tofauti yao ni ndogo.

Daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, maana jasho na chumvi huyeyusha maandishi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua ndege mmoja.

Wawili wasizidi. Najua inavyouma, kwa sababu nchi ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na Msitu wa Arabuko-Sokoke wenye bundi wake mdogo uko palepale ng'ambo ya barabara. Lakini anayetaka msitu asubuhi, hori mchana na mto jioni huishia kuona barabara. Msitu una siku yake.

Kwa safari ya kwanza nakupendekezea mmoja wa hawa:

Krabu plova (Dromas ardeola). Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, kichwa kikubwa, mdomo mweusi mnene kama jambia, na miguu mirefu ya kijivu-buluu. Urefu wake ni kama sentimita 40. Anakula kaa, na Mida ina kaa wa kumtosha.

Pratinkoli wa Madagaska (Glareola ocularis). Huyu ni wa Sabaki. Ana rangi ya kahawia iliyokolea, mdomo mfupi wenye wekundu shinani, na mstari mweupe chini ya jicho unaoelekea nyuma. Akiruka utadhani ni mbayuwayu aliyenenepa, na chini ya bawa huonyesha rangi ya kutu.

2. Linganisha ndege na msimu.

Hapa ndipo wengine wanapopoteza nauli. Ndege hawa wawili hawaji wakati mmoja.

Krabu plova huzaa kwenye pwani za Oman, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, kati ya Aprili na Agosti hivi. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe humo ndani, mbali na jua. Baadaye hushuka kwetu, kama majahazi ya zamani yaliyokuja na upepo wa kaskazi. Nenda Mida kati ya Oktoba na Machi. Wachache wasiozaa hubaki mwaka mzima, lakini usipange safari kwa kuwategemea.

Pratinkoli wa Madagaska hufanya kinyume. Huzaa Madagaska, kisha huvuka bahari na kukaa kwetu wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba. Agosti ndio mwezi ninaoupenda. Mvua kubwa imekwisha, njia imekauka, na makundi yanaweza kuwa ya mamia na zaidi. Ukimtafuta Januari utaona mchanga na shakwe.

Wale vitwitwi wanaotoka Urusi na Asia ya kaskazini hufuata ratiba ya krabu plova: huanza kufika Agosti na huondoka Aprili. Ukienda Machi mwishoni au Aprili mwanzoni utawakuta wamenona na wengine wamebadili manyoya. Kitwitwi wa mdomo uliopinda chini (Calidris ferruginea), aliyekuwa wa kijivu tangu Oktoba, anageuka mwekundu wa matofali.

3. Soma maji. Kisha yasome tena.

Maji yanapokupwa Mida, tope hutokeza kwa eneo kubwa mno, na ndege husambaa kulifuata. Ukifika saa hiyo utawaona kama chembe za pilipili manga kwenye sinia, kule mwisho wa macho. Maji yakirudi, hula tope kidogo kidogo na kuwasogeza ndege kuelekea ukingoni, yaani kuelekea kwako. Yakijaa kabisa tope halipo tena, na ndege huondoka kwenda kupumzika penginepo.

Basi saa yako ni ile ya maji yanayojaa, tangu saa tatu hivi kabla ya kujaa kabisa hadi nusu saa kabla. Nje ya hapo unabahatisha.

Sasa chagua siku. Wakati wa maji mafu, maji hupanda kidogo tu, tope halifunikwi lote, na ndege hawana sababu ya kukusogelea. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka sana. Tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4. Pwani yetu ina bahati moja: siku za bamvua maji hujaa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, na hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Wazee huzijua siku hizo kwa mwezi wa mwandamo. Tazama tarehe 29 hadi 2, na tarehe 14 hadi 16. Hizo ndizo siku zako za Mida. Utafika saa saba au nane mchana, utaangalia maji yakiingia, na jua la alasiri litakuwa mgongoni kwako, kwa sababu unaingilia upande wa magharibi na hori iko mashariki.

Onyo la kwanza: jedwali limeandikwa kwa saa za kizungu. 16:20 ni saa kumi na dakika ishirini jioni, na 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nimewahi kumsubiri mwenzangu barabarani kwa sababu alisoma 10 akaelewa saa kumi. Alifika maji yako shingoni mwa mikoko.

Onyo la pili: majedwali mengine huandikwa kwa saa za Greenwich. Yanahitaji kuongezwa saa tatu. Soma maandishi madogo ya chini.

Onyo la tatu: mdomo wa Mida ni mwembamba, kwa hiyo ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini. Usiwe na papara ukiona jedwali limefika na maji bado yanaingia.

4. Panga safari kwa kurudi nyuma.

Anza na saa ya maji kujaa. Toa saa tatu. Hapo uwe umeshakaa. Toa nusu saa ya kulipa, kuzungumza na mwongozaji na kutembea. Kisha toa muda wa njiani. Kutoka Mombasa hadi njiapanda ya Gede ni zaidi ya kilomita 100, na matatu za Malindi hupita hapo mchana kutwa. Mwambie makanga akushushe Mida, kabla ya kufika Gede, kisha shika bodaboda au tembea kuingia ndani.

Kwa Sabaki, fika Malindi, kisha chukua tuktuk au bodaboda hadi daraja la Sabaki kwenye barabara ya kwenda Garsen. Kutoka hapo ni miguu hadi mdomoni.

Panga na kurudi. Mwambie wa bodaboda saa ya kukufuata, umpe nusu ya nauli, nusu nyingine umpe akirudi.

5. Usiku wa kuamkia safari, mchore ndege wako.

Hili watu hulidharau. Chukua penseli, fungua picha yake, umchore: mdomo, miguu, mweusi uko wapi, mweupe uko wapi. Mchoro mbaya unatosha, kwa kuwa mkono ukishapita pale, jicho halisahau. Chora pia wale unaoweza kumchanganya nao. Msoo mweusi-mweupe ana mdomo mwembamba uliopinda juu. Yule wa miguu mirefu ya waridi ana mdomo kama sindano. Kwarara mweupe ana mdomo uliopinda chini na kichwa cheusi kisicho na manyoya. Mwenye kichwa kikubwa na mdomo wa jambia ni krabu plova peke yake.

6. Lipa, uliza, chukua mwongozaji.

Mida kuna daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Kiingilio chake husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wanaokaa kuzunguka hori na Msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa mpango unaoendeshwa na shirika la A Rocha Kenya. Lipa kwa moyo mweupe. Hori yenyewe imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, kwa hiyo ukitaka kuingia kwa mashua uliza kwanza ada za hifadhi.

Mchukue mwongozaji wa palepale, hasa mara ya kwanza. Anajua jana krabu plova walilala upande gani, na tope lipi linameza mtu hadi kiunoni. Patana bei kabla ya kuanza. Mtajie ndege unayemtaka, na umwonyeshe picha.

Sabaki usiende peke yako. Mto una viboko na mamba. Ukiona njia pana iliyokanyagwa inayotoka majini kuingia matetini, hiyo ni ya kiboko, usisimame juu yake, na saa za magharibi usiwe karibu nayo kabisa.

7. Kaa mahali sahihi, kisha tulia.

Mida kazi hii umefanyiwa: kaa kibandani au ukingoni mwa mikoko, jua nyuma yako. Ukiwa na teleskopu shusha miguu yake, ukae chini. Upepo hauitikisi sana ikiwa chini.

Sabaki kuna hila yake. Asubuhi jua linatoka baharini, na wewe unatembea kulielekea, kwa hiyo kila ndege ni kivuli cheusi. Fika mapema, pita pembeni kwa mbali hadi karibu na ufuko, kisha geuka utazame bara. Ndege walewale watapata rangi. Na usiamini ramani ya zamani. Mto huu huanzia mbali bara ukiitwa Athi na huleta udongo mwingi mwekundu. Fungu la mchanga lililokuwepo mwaka juzi huenda sasa ni kichaka.

Onyo kubwa la Sabaki ni maji kukuzunguka. Siku moja nilikuwa nimeinama kwenye darubini, nikifuatilia buabua mwenye mdomo wa chungwa, nikasikia sauti ya mzee aliyekuwa akikunja nyavu zake: "Mwanangu, hebu tazama nyuma yako." Nikageuka. Kijito nilichokiruka kwa hatua moja kilikuwa kimefika mapajani na kinakwenda kasi. Alinionyesha kwa mkono pa kuvukia, nikavuka nimebeba begi kichwani. Tangu siku hiyo nachomeka kijiti mchangani pale nilipovuka, na kila robo saa nakitazama. Maji yakigusa kijiti, naondoka, hata kama ndege ninayemtafuta yuko mbele yangu.

8. Pitisha macho mara tatu kabla ya kumtaja yeyote.

Mara ya kwanza bila darubini, ujue makundi yako wapi. Mara ya pili kwa darubini, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ukihesabu makundi. Mara ya tatu rudi kulia kwenda kushoto. Wanaoanza humshika ndege wa kwanza na kumng'ang'ania dakika ishirini, kumbe yule waliyemfuata amesimama nyuma ya mkoko.

9. Tambua kwa mwendo, kisha mdomo, kisha miguu. Rangi iwe ya mwisho.

Rangi hudanganya, hasa jua likiwa kali. Mwendo haudanganyi.

Krabu plova hukimbia hatua kadhaa, anasimama kama aliyesahau kitu, anangoja, kisha anakurupuka na kudona. Akimpata kaa humkung'uta na kumgonga hadi miguu inakatika. Mwangalie vizuri yule wa pembeni yake. Kama mgongo wake ni wa kijivu badala ya mweusi, na anamfuata mkubwa huku akipiga mluzi bila kuchoka, huyo ni kinda. Wazazi wengi wa jamii hii huwaacha watoto wajitafutie mapema. Krabu plova humleta wake kutoka huko Arabuni na bado anamlisha hapa Mida miezi baadaye. Nimemwona mzazi akimkata kaa miguu, akasogea nusu hatua, kinda akanyakua kiwiliwili na kumeza, shingo ikavimba, kisha mluzi ukaanza tena. Ukiliona hilo mara moja, kaa nalo. Orodha inaweza kusubiri.

Kitwitwi anayekimbia huku na huko kama anayefukuzwa, miguu mifupi ya njano-chungwa, mdomo mrefu uliopinda juu kidogo, ni Xenus cinereus. Mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda chini na milia kichwani ni sululu, naye pia ni mla kaa. Wale wawili wa mchangani wanaofanana, mkubwa na mdogo, usijitese nao siku ya kwanza. Andika "kitwitwi wa mchangani" na uendelee.

Kwa pratinkoli, tafuta mchanga mkavu ulio mbali kidogo na maji. Hujilaza wote wakielekea upepo, na ukipita haraka utadhani ni madonge ya kinyesi cha ng'ombe. Ukiona donge limegeuza kichwa, umefika. Pratinkoli mwingine wa Afrika na Asia ana koo la rangi ya malai lililozungushiwa mstari mweusi. Wa Madagaska hana koo hilo, ana mstari mweupe chini ya jicho.

10. Usiwarushe.

Hili nalisema kwa uzito. Kitwitwi aliye mbele yako huenda ametoka Siberia, na kila kaa anayekula hapa ni nauli yake ya kurudi. Kila anapolazimika kuruka anatumia mafuta aliyoyakusanya. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja na kuacha kula, umeshakaribia mno. Simama. Wakianza kutembea kukupa mgongo, rudi hatua kumi nyuma. Usipige makofi ili upate picha ya kundi likiruka, usirushe droni, usicheze sauti ya ndege kwenye simu. Na ukiwa na watoto, waeleze kabla, kisha wape zamu ya darubini mara nyingi, ndipo watakapotulia.

11. Andika ukiwa bado hapo.

Tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, aina na idadi. Kundi kubwa lihesabu kumi kumi: hesabu kumi wa kwanza, ona nafasi waliyochukua, kisha pima kundi zima kwa kipimo hicho. Ukirudi nyumbani peleka orodha kwenye eBird au Kenya Bird Map, mitandao inayokusanya kumbukumbu za ndege walioonekana. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa nchini, na wahesabuji huhitajika kila mara. Ukishaweza kutofautisha aina ishirini, jitolee.

12. Usiondoke Mida kabla ya magharibi.

Ukienda kati ya Novemba na Machi, keremkerem wekundu huingia kulala mikokoni jua likizama, kundi baada ya kundi, wekundu juu ya kijani. Watu hufunga mabegi saa kumi na moja na nusu, wakapishana nao barabarani. Subiri. Kisha washa tochi ya kurudia darajani, kwa sababu giza letu huingia ghafla.

Ukikwama

*Maji yanajaa lakini ndege hawapo.* Tazama juu kwanza. Kipanga au furukombe akipita, wote huruka na kutulia upande mwingine. Ngoja dakika ishirini. Wasiporudi, muulize mwongozaji walikolala jana.

*Hewa inacheza, kila kitu kinatetemeka kwenye teleskopu.* Ni joto la tope, na kioo chako hakina kosa. Punguza ukuzaji hadi 20, tazama walio karibu tu, usubiri maji yafunike tope. Hali hutulia baada ya saa tisa.

*Nilimwona mmoja tu, mbali, sina hakika.* Andika ulichokiona: ukubwa wake ukimlinganisha na sululu au yangeyange aliye karibu, umbo la mdomo, mwendo. Weka alama ya kuuliza. Usimwingize kwenye orodha kwa sababu ulilipa nauli.

*Darubini imejaa ukungu.* Umeitoa kwenye gari lenye ubaridi. Iweke kivulini dakika kumi. Usifute kwa shati, chembe za chumvi hukwaruza kioo. Pangusa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi ukifika nyumbani.

*Nimezama topeni.* Usivute mguu kwa nguvu. Kaa au lala ueneze uzito, zungusha kisigino polepole hadi hewa iingie, kisha toa mguu mmoja, ndipo wa pili. Rudi kwa njia uliyojia.

*Nimekwenda Sabaki Agosti na pratinkoli hawapo mchangani.* Mchana wengine huwa angani wakifukuza wadudu, hata juu ya mashamba ya karibu. Kaa hadi saa kumi jioni, utazame juu ya mto na matete. Wakianza kushuka, hushuka wengi kwa mara moja. Mwambie wa bodaboda akufuate darajani saa kumi na mbili kasorobo, kabla viboko hawajatoka.